Cheusi, Cheupe na Pumzi ya Mama

Jumamosi, 7 Machi

Vigeuzi viwili mezani. Cheusi changu, cheupe cha Fundi Saa, mwenzangu wa mambo haya ya sauti — kaniazima wiki moja nikate shauri kipi bora. Ndivyo viboksi vinavyochukua faili la muziki, namba tupu, na kuligeuza kuwa sauti kabla halijafika kwenye hedfoni. Watu wazima na akili zao wanachomeka waya kwenye simu, wanasikiliza, wanalala. Sisi tumerogwa.

Nimeviunganisha kwenye ampu moja ya kukuza sauti, swichi katikati. Piano. Besi. Ngoma. Cheusi, cheupe, cheusi. Aibu — sisikii tofauti! Mimi, wanayeniita Masikio! Na kesho wenzangu wanakuja kusikia hukumu yangu.

Ndipo nikaweka sauti ya Mama.

Nilimrekodi hapahapa sebuleni kabla ya operesheni ya koo, ili wajukuu wabaki nayo. Anasoma hadithi ya sungura, sauti yake ileile ya ualimu, ya darasani. Katikati anaacha. Anavuta pumzi. "Zima kwanza, mwanangu. Naogopa."

Sikuzima. Mshale wa kipimo cha sauti ulikuwa umekaa pazuri mno.

Na tofauti ikaja, kweupe! Kwenye cheusi ile pumzi ni pumzi tu. Kwenye cheupe inatetemeka, unasikia mpaka ulimi ukibanduka. Nilishangilia peke yangu kama mwehu.

Niuandike ukweli, maana hakuna wa kumwambia. Alipotoka hospitali bila sauti, ujumbe wake wa kwanza kwenye simu, herufi kubwa tupu: KILE KIPANDE CHA KUOGOPA UKIFUTE. Nikamjibu, nimeshafuta.

Jumapili, 8 Machi

Wamekuja, Fundi Saa na Mwanasheria. Mama akawapungia mkono, akaingia chumbani kukunja nguo. Kati yake na sisi ni pazia tu.

Mwanasheria akafunika viboksi kwa taulo tusijue kipi ni kipi. Kwenye muziki tukapokezana hedfoni, tukabishana kama watoto, kila mtu anabahatisha. Nikasema, ngojeni. Nikaweka kile kipande.

Fundi Saa akafumba macho. Hapo! Rudisha. Rudisha tena, dada. Hapo kwenye "naogopa" — lo! Na kila mara akapatia, cheupe ni cheupe. Mwanasheria akasema pumzi hiyo tamu kuliko violini. Tukacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nilijiona bingwa.

Wakauliza, ni nani huyu? Nikasema, mwigizaji mmoja wa redio, wa zamani. Kwa sauti kubwa, maana nilikuwa na hedfoni masikioni.

Jumanne, 10 Machi

Shikamoo yangu ya asubuhi haikupata jibu. Tangu sauti imtoke, marahaba ya Mama ni kiganja juu ya utosi wangu. Jana sikukipata, nikadhani ni haraka zangu. Leo nimeinama kabisa, kiganja kimebaki kwenye kikombe. Nikauliza, koo linauma? Akatikisa kichwa. Umekula? Akatikisa kichwa. Haya.

Kazini hovyo. Nimesaga meno ya bandia ya bibi mmoja mpaka yakapwaya, mkuu wangu akaniuliza akili nimeiazimisha nani.

Fundi Saa kapiga. Analiomba faili la yule mwigizaji, akajaribie kwake. Nimemtumia. Kipande kile tu. Wala sikufikiri mara mbili.

Alhamisi, 12 Machi

Fundi Saa alipita jioni, peke yake, asikilize mara ya mwisho. Nikamvisha hedfoni zangu, nikaenda kumpelekea Mama chai. Hedfoni zangu ni za mgongo wazi, zina matundu nje ili sauti ipumue. Zinavuja. Kila mtu wa mambo haya anajua zinavuja! Mimi mwenyewe huwaambia watu, msivae hizi kwenye basi, mtawasomea abiria siri zenu. Lakini aliyezivaa hasikii zikivuja. Anasikia utamu wake tu.

Nimeshika pazia, nikasikia. Nyembamba, kama redio ya jirani, lakini kila neno limekamilika. "Zima kwanza, mwanangu. Naogopa." Kimya. Fundi karudisha. "Naogopa."

Mama alikuwa kitandani anakunja shuka. Hakuinua kichwa. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa ameshazoea!

Kumbe Jumapili alisikia yote. Sauti yake. Rudisha, rudisha. Violini. Kicheko changu. Na mtoto wake wa kumzaa akimwita mwigizaji wa redio.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaweka chai kwenye kistuli, nikarudi kinyumenyume kama mwizi. Nikamwambia Fundi Saa naumwa, abebe cheupe chake aende. Akaniuliza, sasa umechagua kipi?

Masikio! Masikio gani? Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekifuta. Kwenye kompyuta, kwenye simu, kila mahali. Hadithi ya sungura nimeiacha.

Nimempigia Fundi Saa, futa na wewe. Akasema kufuta si tabu, dada, ila nilishakiweka kwenye grupu la wapenzi wa sauti. Wamekipenda mno! Kuna mmoja anapimia spika zake dukani. Wateja wanasimama.

Nikamfokea. Mshenzi, huna adabu, kitu cha watu unakisambazaje! Kisha akauliza taratibu, kwani huyo mama ni nani yako?

Nikakata simu. Hata hapo! Nilishindwa kusema maneno mawili, mama yangu.

Na nimfokee nini? Mimi ndiye niliyetuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeingia chumbani kwake asubuhi, nikapiga magoti. Mama, sikukifuta. Nilikudanganya. Nisamehe.

Akanitazama kwa yale macho ya mwalimu anayengoja umalize sentensi. Sikumaliza. Akachukua simu yake, na yangu ikalia huku sebuleni. Nikaja kuichukua.

NAJUA.

Halafu: SIKUTAKA WATOTO WANIKUMBUKE HIVYO.

Halafu: WANGAPI WANACHO?

Sijarudi chumbani. Nimekaa kwenye kiti changu cha kusikilizia, daftari gotini, simu mkononi. Nimeandika, ni Fundi Saa tu, Mama. Nimefuta. Nimeandika, wawili. Nimefuta. Nimeandika, sijui Mama, na dukani kuna mtu — nimefuta.

Pazia limefunguka kidogo. Namwona amekaa wima, miwani puani, simu mapajani. Hanitazami mimi, anatazama kioo cha simu. Kila nikigusa herufi, kioo kinamwambia naandika. Nikifuta, kinanyamaza.

Ameweka mkono kooni. Anangoja. Naandika tena.