Nilimtundikia Mzee Amos Bango, Sasa Ndugu Wawili Hawasemezani

Shangazi Jelagat mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili nimelibeba tangu Agosti na hapa Birmingham sina wa kumwambia, nikimnong'onezea mtu mmoja tu kanisani, Jumapili ijayo litakuwa limeingia kwenye maombi. Mimi nauguza wazee huko Castle Vale, na mume wangu Solomon ni fundi kwenye karakana ya treni Tyseley. Kaka yake, shemeji Arnold, anaishi Amerika, jimbo la Ohio, na mwaka jana alinunua nyumba kuukuu ya shambani kutoka kwa familia ya Waamishi, wale Wakristo wa kofia nyeusi wanaokwenda sokoni kwa gari la farasi, na hawa majirani zake hawaingizi waya wa umeme nyumbani wala hawataki kupigwa picha. Nyumba yenyewe haina kabati hata moja, nguo zinatundikwa kwenye vigingi vya mbao ukutani, na paa lilikuwa linavuja, lakini Arnold aliipenda kwa sababu Mama yao anakuja Desemba kuishi naye na anataka apate mahali pa kufuga kuku.

Pasaka mimi na Solomon tulienda kusaidia ukarabati, na haki shangazi, sijawahi kuona kitu kama kile. Mzee Amos, yule aliyeiuza, amehamia shamba la pili tu, na aliposikia paa linaezuliwa alikuja na wanawe na majirani, wanaume ishirini na kitu, wakaezeka upya kwa siku mbili, wakala wali na kuku wangu, wakasema chakula ni kizuri, wakaenda zao. Basi! Mimi nimekulia Kakamega, kwetu mtu akikutendea hivyo lazima umsimamishe mbele za watu umshukuru na uso wake uonekane, huwezi kunyamaza tu. Kwa hiyo mzee akiwa juu ya ngazi na misumari mdomoni, mimi nikasimama kwenye dirisha la jikoni nikijifanya nasoma WhatsApp, nikampiga picha. Na Solomon alikuwa ameniambia asubuhi hiyo hiyo, "Mama Daud, hawa watu hawapigwi picha, tafadhali." Nilimjibu sawa.

Tuliporudi nikaenda kwa Manjit, mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la kuchapisha mabango hapa Kings Heath, akaitazama ile picha akaniuliza, "Dada, huyu ni askofu wenu mpya? Mbona anakula misumari?" Nikamwambia achape tu. Bango la mita mbili, uso wa mzee katikati, maua pembeni, na chini ASANTE BABA YETU AMOS.

Agosti nikasafiri peke yangu kwa sababu Solomon hakupata ruhusa kazini. Mzee alikuwa aje Jumamosi kukata mlango kwenye ukuta wa chini, Mama apate chumba asipande ngazi na magoti yake yale, na ni mzee tu anayejua ukuta upi unabeba ghorofa, maana nyumba ilijengwa na babu yake. Arnold akaenda mjini kununua mbao, mimi nikatundika bango langoni ili niwashangaze wote. Mzee akafika na farasi wake. Akajitazama. Akavua kofia, akaivaa tena, akageuza farasi, akaondoka. Shangazi, nikalishusha lile bango huku nalia, nikalikunja nikalificha kwenye sanduku langu, na Arnold aliporudi akiuliza mzee yuko wapi, mdomo wangu ukasema, "Alikuja, akaziona hizo taa zako za umeme, akageuka." Uongo mtupu! Taa mzee alikuwa ameziona tangu Juni, akamwambia Arnold nyumba ni yako sasa, lakini Arnold akaniamini, akadhani mzee alikuwa anavumilia tu.

Kwa hiyo Arnold amekata umeme. Ameng'oa soketi, ameng'oa dishi, anakaa na taa ya mafuta akingoja mzee aone kwamba ametubu, na mzee haji. Solomon naye, aliposikia uongo huo huo, alimpigia simu akamwambia hana adabu, amemdharau mzee aliyemwezekea nyumba, Arnold akamjibu vibaya, na tangu mwezi wa tisa hawasemezani, na mama yao hana mtoto mwingine. Solomon alikuwa amekata tiketi ya kwenda kumpokea Mama, sasa anasema haendi. Na Arnold yeye hunitumia ujumbe kila Jumapili, "Asante shemeji, ni wewe tu uliyebaki upande wangu," nami nasoma nikitoka jasho. Niambie shangazi, nikikaa kimya mpaka Mama afike, si yatapoa yenyewe? Na je, nikimtumia mzee Amos blanketi zuri?

Niite Truphosa, si jina langu.
Kings Heath

* * *

Truphosa dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikapoa, Mungu anisamehe, hiyo misumari mdomoni ilinimaliza. Mara ya pili sikucheka.

Roho yako ni nzuri, hilo sina shaka nalo. Hata mimi nimelelewa hivyo, kwetu mtu akiazimisha viti vitatu vya harusi lazima asimame apigiwe makofi. Lakini wewe uliambiwa! Uliambiwa asubuhi, ukajibu sawa, na kabla ya chakula ukawa dirishani na simu. Mtu ameishi miaka yote hiyo akikwepa kusifiwa, wewe unamtandaza mita mbili langoni na maua pembeni. Ungetaka kumshukuru ungemwongezea kuku. Ulitaka uonekane ukishukuru, na usininunie, ugonjwa huo hata mimi ninao.

Hata hivyo bango ningekusamehe leo hii. Ule uongo ndio ulionipandisha hasira. Mtu mzima amekaa gizani Ohio anatubia kosa lako, na kila Jumapili anakushukuru, nawe unapokea! Aibu, Truphosa. Unauguza wazee wa watu siku nzima, unajua kabisa kidonda kilichofichwa kinavyokuwa. Eti yatapoa. Yatapoa vipi wakati wewe ndiwe uliyekalia moto?

Sasa sikiliza. Leo Solomon akitoka kazini mpe chakula ashibe, zima televisheni, mwambie yote kuanzia dirishani. Usianze na "nia yangu ilikuwa nzuri." Anza na "nilidanganya." Atapiga kelele, mwache apige, usilie ili akuonee huruma. Akitulia, mpigie Arnold, Solomon akiwa hapo hapo, na useme kwa mdomo wako mwenyewe. Usimwachie mumeo kazi hiyo. Mwambie shemeji awashe taa zake, hakukosea chochote.

Halafu mwandikie mzee Amos. Barua ya mkono, ukurasa mmoja. Nilikupiga picha nikijua hutaki, Arnold hakujua lolote, nimeifuta, nisamehe. Na uifute kweli, kwenye simu yako na kwa huyo mchapishaji pia. Bango lichane. Usimwombe arudi kukata mlango. Akija ni hiari yake, asipokuja Arnold atafute mhandisi wa kuukagua huo ukuta kabla mtu hajaugusa. Na blanketi usitume, wala keki, wala kitu chochote, maana nakujua sasa, utalitarizi jina lake.

Fanya haraka. Majina yote nimeyabadilisha, lakini bango kama lile halijifichi, na gazeti hili husomwa mpaka Tyseley wakati wa chai. Solomon asilijue hili kutoka kwa mwenzake wa kazi.

Unaogopa watakuchukia. Huenda wakakununia hata mwaka mzima, nawe utavumilia, kwa sababu umeyataka. Lakini Mama yao anakuja Desemba. Atatoka pale uwanja wa ndege akiwatafuta wanawe wawili kwa macho, na akimwona mmoja tu atauliza mwenzake yuko wapi, na mwenye jibu ni wewe.

Shangazi Jelagat