Rosari Nzima Chini ya Mfereji

Mama yangu,

Nimefungua siri yako. Naanza na hilo kabla hata ya kukusalimu, maana likinikaa kooni siwezi kuandika mengine.

Unakumbuka ulivyotufundisha kuosha macho? Pale uani kwetu Yamumbi, mimi na dada zangu, vichwa chini ya mfereji, maji baridi ya asubuhi yakituuma masikio, nawe umesimama na rosari mkononi. Hukuwa na saa. Ulisema asidi ikikuingia jichoni, maji yatiririke rosari moja nzima, bila kuruka hata kumi moja la Salamu Maria. Nikanung'unika, "Mama, si sisi tunaenda tu shule!" Ukanijibu, "Hata shule iko na maabara. Inama."

Tulikucheka, lakini hatukulicheka jicho lako la kushoto, lile lililobaki jeupe tangu siku ile kiwandani. Mlikuwa mkiosha mabomba ya maziwa, na ile asidi ya kuoshea mliiita "dawa", utadhani ni ya kikohozi. Ikakurukia. Wenzako wote walitoroka isipokuwa Njoroge. Alikutoa kwenye maji ukiwa ndio kwanza umeanza kujimwagia, akakulaza, akakumiminia maziwa jichoni, kwa sababu kila mtu huku anaamini maziwa hukata sumu. Baadaye daktari alikuambia ungebaki majini jicho lingepona. Ulinieleza mimi peke yangu, nilipoajiriwa kiwanda hicho hicho, ukaniapisha: "Njoroge asijue. Wengine walinikimbia, yeye alinikimbilia."

Nimeitunza siri hiyo miaka yote. Hata siku ya kukuzika, alipolia kuliko sisi watoto wako, nilinyamaza. Rosari yako niliitia kwenye droo na sikuigusa tena. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, nakuambia ukweli.

Sasa, Jumanne iliyopita, mtungi wa dawa ulianguka kutoka kwenye toroli, ukapasuka, asidi ikamrukia Chebet usoni. Ni msichana wa Moiben, amejiunga nasi juzi tu. Miwani alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso, kama urembo. Niliwapigia kelele watu watoke na wafungue milango, nikavaa glovu, nikamkokota hadi mferejini. Mmoja akaja mbio na gunia la vumbi la mbao. Nikamkataza, asidi ile ikikutana na vumbi la mbao inaweza kuwasha moto. Nikamwambia avae gumbuti na barakoa kwanza, azungushie mchanga isifike kwenye mtaro, kisha anyunyize magadi polepole kuipunguza makali, na mwingine apigie hospitali simu. Nikageuka, nikamwona Mzee Njoroge anakuja na jagi la maziwa.

Wee, Mama! Mikono yangu imeshika kichwa cha mtoto wa watu, ningefanyaje? Mdomo ulifunguka wenyewe. "Peleka hayo maziwa mbali! Ndiyo yalimpofusha Mama!"

Alisimama pale pale, jagi mkononi. Sikuwa na nafasi ya kumtazama. Nilimvua Chebet ovaroli, nikamfungua kope kwa vidole, na saa sina, kwa kuwa haturuhusiwi kuingia na saa. Nikaanza rosari kwa sauti.

"Mimi si Mkatoliki!" akalia.

"Leo utavumilia."

Kila alipojaribu kuinuka nilimrudisha chini. Kwenye kumi la tatu nilisahau fumbo lake la kutafakari, nikaendelea hivyo hivyo. Nilikuhisi karibu nami, Mama, na nilikuhitaji sana. Kwenye kumi la nne nikahisi mikono mingine imeshika kichwa cha Chebet upande wa pili. Alikuwa Mzee Njoroge, amevaa glovu. Alikishikilia nami mpaka gari la hospitali lilipofika.

Jicho la Chebet litaona. Daktari aliuliza ni nani aliyeliosha kwa muda mrefu hivyo.

Jioni nilimfuata Mzee Njoroge kumwomba msamaha. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kofia magotini.

"Mamako alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Na kila Krismasi alinitumia kuku," akasema. Kisha akalia, nami nikakaa kando yake nikalia, watu wa zamu wakapita wakijifanya hawatuoni.

Nilifikiri nimemvunja mzee wa watu bure. Lakini leo, kwenye mkutano wa asubuhi kabla ya kazi, alisimama mbele ya wote bila kuitwa. Akasema, "Mimi ndiye nilimmwagia Mama Akinyi maziwa jichoni. Nilikuwa nataka kumsaidia. Mkiniona tena na jagi, mninyang'anye." Hakuna aliyecheka. Halafu akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mimi ni wa kanisa lile lingine, lakini hayo maombi yenu, yanaanzaje?"

Nimeitoa rosari yako kwenye droo. Sasa inaning'inia kando ya mfereji wa kiwandani, kwenye msumari alioupigilia Mzee Njoroge kwa mkono wake.

Nisamehe kwa kuifungua siri yako, Mama, na upumzike. Mimi bado nainama.

Kitinda mimba wako,
Akinyi