Shamba Lililohamia Diski ya Pili

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na ukishazipokea uketi kwanza, maana leo nina maneno. Vipi afya, vipi kazi, na lile jino limeacha kukusumbua? Huku nyumbani sote wazima. Baba kikohozi kimemwachia, sasa amerudia kuwazimia watu taa wakiwa bado chumbani.

Habari kubwa ni ya kompyuta yako. Usishtuke, haijaungua. Ilijaa tu hadi ikagoma kuhifadhi hata picha moja, na kilichoijaza ni magemu yako. Basi nikapata diski ya pili pale dukani tunapotengeneza kompyuta, nikaifunga mwenyewe, nikajiona fundi kwelikweli. Dukani kazi yangu ya kila siku ni kuhamisha picha na nyimbo za wateja: unakata huku, unabandika kule, kwisha. Nikayafanyia magemu yako vivyo hivyo. Kumbe gemu likishasakinishwa si picha. Lile la shamba nilipojaribu kulifungua, kompyuta ikanijibu kwamba halipo. Nikasema moyoni, mwenyewe yuko mbali, nitalishughulikia nikipata nafasi. Nikaenda zangu kazini.

Hapo ndipo mama akaanza vituko. Jioni aliniuliza kompyuta inaendeleaje, utadhani ni mgonjwa. Mama huyu huyu aliyekuwa akiyaita magemu yako upuuzi! Kesho yake akaniletea chai mezani, akasimama, akaondoka, akarudi. Chakula kikaungua. Mwishowe akaniuliza, huku akikunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, eti mtu akihamisha gemu, ng'ombe wanakwenda wapi.

Kaka, nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nami nikaona haya.

Nikayarudisha magemu yote pale yalipokuwa, kisha nikayahamisha inavyotakiwa, kwa kitufe cha kuhamishia kilichomo kwenye ile programu iliyoyasakinisha. Mama alisimama nyuma yangu amenishika bega, ananifinya kila ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofika unaposita. Shamba lilipofunguka aliwakagua ng'ombe mmoja mmoja ndipo akaniachia. Ungeliona! Uliliacha na kibanda na mbuzi wawili wenye njaa. Sasa lina ghala, bwawa, mizinga ya nyuki, na nyumba ya pili isiyo na mtu.

Ndipo akanieleza. Ulipoondoka nyumba ilikuwa kimya mno, akalifungua gemu lako asikie tu ule muziki uliokuwa ukitoka chumbani kwako. Akaona mimea yako imenyauka, akaimwagilia. Tangu hapo kila mchana yuko shambani. Nyumba ya pili ni yako. Nikamwuliza kwa nini asikupigie simu tu. Akasema kwenye simu una haraka, salamu hazijaisha ushaaga, lakini shambani anakaa na wewe mpaka achoke mwenyewe.

Amekubali nikuambie. Basi piga simu, kaka, siku ambayo huna pa kwenda. Baba anakusalimu, majirani pia. Mama angekusalimu mwenyewe, ila nimemwita mara mbili hajaitika, anavuna.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba