Filamu Ambayo Hatukuihukumu Pamoja

Dada yangu Felista,

Jana baada ya misa niliangalia muvi peke yangu hapa Ruhuwiko. Ile tabia yetu ya kukaa mkekani kwako na kuhukumu filamu kama mahakimu bado ninayo, ila sina wa kubishana naye. Wewe hukujali nani kaigiza vizuri. Ulimtafuta mtu mmoja tu ndani ya hadithi anayekataa, na asipokuwepo ulisema kazi hiyo ni bure, ukainuka kwenda kusonga ugali.

Hii ni ya kutisha. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu wanafungiwa ndani na watu wenye bunduki, wanaambiwa anayetaka kutoka amuumize mwenzake. Damu imezidi, na katikati inachosha. Lakini kuna mama mmoja wa mapokezi anayemtazama rafiki yake kabla ya kumpiga. Hapo nilishindwa. Nikazima, nikalia.

Unakumbuka ghala la tumbaku kule Namtumbo? Tulichambua majani meza moja, na niliyoyakosea daraja la ubora uliyarekebisha kimyakimya kabla msimamizi hajayaona. Msimu ulipokuwa mbaya, msimamizi yule akagawa karatasi. Akasema kila mmoja aandike jina la mwenzake wa kupunguzwa, la sivyo tutaondoka wote. Jioni ukapunguzwa wewe. Ulikunja kitenge chako cha kazini, ukaniambia, "Usilie, mdogo wangu. Aliyeniandika naye ana watoto."

Wengine sijui, dada, ila mimi nilikuandika. Sikukuchukia hata siku moja. Niliwapitia wote kichwani, nikaona huyu atanitukana, yule hatanisalimia tena. Nikakuandika wewe kwa sababu nilijua utanisamehe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: filamu si mbaya, ila imedanganya mahali pamoja. Imewaelekezea watu bunduki ndipo wakageukiana. Sisi tulipewa kalamu tu, mchana kweupe, na hakuna hata mmoja aliyechelewa kurudisha karatasi.

Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kukuambia. Ugonjwa ukawahi. Msibani kwako nililia kuliko jamaa zako, watu wakanisifu kwamba urafiki ndio ule, nami nikanyamaza nikasifiwa. Naona aibu kwa hilo kuliko hata kwa karatasi yenyewe.

Mama yako bado ananitumia unga kila mavuno, na akipiga simu ananiita mwanangu aliyebaki. Kesho asubuhi napanda basi la Namtumbo. Nitamwamkia shikamoo, nitakaa chini, nitamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa.

Pumzika, dada. Baada ya kesho sijui kama nitakuwa na mama.

Mdogo wako wa meza moja,
Skola