Daktari wa Papai

Mguu umekuwa mweusi mpaka kifundoni, mama, na bado ananiita daktari. Shikamoo. Ni yule mzee mzungu ninayeishi naye kwenye mashua yake ya tanga, tumetia nanga hapa Shimoni. Jumapili maji yalipokupwa alishuka mchangani, akarudi anachechemea. Mimi nikadhani ni ile miba myeusi ya mwambani, nikampaka utomvu wa papai bichi kama unavyotupaka wewe. Kumbe ni mwiba wa sumu wa mkia wa samaki taa, na dawa yake ni maji ya moto saa ile ile. Na birika lilikuwa jikoni, limechemka.

Bakari wa boti ya samaki alipouona mguu akacheka. "We Hamisi, umemtibu au umemlainisha kama mshikaki?" Kisha akaziba pua.

Mzee sijamwambia kwamba nilikosea. Kila asubuhi anasema, "Asante, daktari," nami naangalia maji.

Niombee dua, mama, na mdogo wangu Mwanaisha umbusu. Naenda sasa. Bakari amekuja kumchukua kumpeleka hospitali Msambweni, na mzee amekataa kushuka bila daktari wake.