Sentensi Yako Kuhusu Taa ya Kadi

Odhiambo, ndugu yangu,

Shemeji, mkeo, bado anakaa Umoja, na kile chumba ulichoongeza mbele ya nyumba bado ni karakana yetu. Jina lako sijalifuta kwenye kibao. Wateja wakikuulizia nawaambia umetutoka, kisha nageuka kutafuta bisibisi nisiyoihitaji.

Wiki hii imekuja barua pepe kutoka ng'ambo. Unakumbuka maelezo uliyoiandikia draiva, ile programu inayoifanya kompyuta itambue kadi ya mtandao? Wenzetu wanaotengeneza ule mfumo wa bure wa kompyuta wameyaandika upya karibu yote. Imebaki sentensi yako moja tu: ukizima, ngoja taa ya kadi izime kabisa ndipo uwashe tena. Sasa kijana mmoja huko anataka kuifuta. Anasema draiva mpya haihitaji kungojewa. Wameniuliza mimi, kwa kuwa kadi ninayo na wewe haupo.

Nilikasirika, Odhi. Nilitaka kumjibu hapana, basi.

Halafu nikakumbuka ulivyonifunza kukagua maelezo: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafanya. "Fanya yenye imeandikwa tu, Rashidi. Akili yako iache hapo mlangoni." Nikamwomba shemeji asome maelezo mapya, yakiwa yameondolewa sentensi yako. Alikaa kwenye kiti chako, akavaa miwani yako, akasoma polepole. Nikazima. Akasoma, washa. Mkono wangu ukabaki hewani.

"Shem, mbona hauwashi? Hapa haijasema ungoje."

Nikamwonyesha taa ya kadi, bado ilikuwa inawaka. Akanitazama, akaelewa, akavua miwani akaifuta kwa leso yake kwa muda mrefu. Nimekukosa sana, ndugu yangu, na yeye zaidi.

Tukarudia. Safari hii niliwasha papo hapo, taa ikiwa bado inawaka. Kadi ikaitika. Tukarudia tena na tena, mimi nikiomba kimoyomoyo igome. Haikugoma.

Basi nimemwandikia yule kijana kwamba yuko sawa, aifute. Ningedanganya, ungenitoa karakanani mbio, hata kama uongo wenyewe ni wa kukutetea wewe.

Pumzika, Odhi. Nakuahidi hakuna maelezo yatakayopita mikononi mwangu bila mmoja kusoma na mwingine kufanya. Shemeji amekubali kuwa msomaji. Lakini nikiwa peke yangu na mashine yako, bila mtu wa kunisomea, nitangoja taa izime kwanza.

Wako,
Rashidi