Kadi ya Deno

Lanet, Jumamosi, Aprili 2008

Bado sielewi kwa nini Deno alitoroka. Ama naelewa, na hiyo ndiyo shida.

Kompyuta yangu imechoka. Gemu ya mpira inakwama kila mchezaji akikimbia. Kadi mpya ya graphics, ile ya kuendesha picha, siwezi kununua, kwa hivyo nimekuwa nikitafuta ya zamani. Juzi jirani yangu Deno akaniambia anayo moja, bei ya kutupa. Nikamwuliza ameitoa wapi.

"Boss, unanunua kadi ama unanunua historia?"

Nikamwambia lazima ijaribiwe kwanza. Leo tukaenda mjini pamoja, kadi nimeibeba mimi. Tulipokaribia duka la Mzee Harjit, fundi wa kompyuta, Deno akasema anakimbia kununua credit ya simu. Hakurudi.

Mzee aliigeuza kadi, akagusa ufa kwenye feni yake ndogo.

"Hii ilikuwa kwa kompyuta ya mteja. Walivunja duka langu Januari, wakati wa fujo ya uchaguzi, wakaiba. Nani amekupa?"

Nikasema simjui jina. Nikamwachia kadi, nikatoka. Sidhani aliniamini. Hata mimi nisingejiamini.

Januari Deno alituambia hakutoka kwa nyumba, kama sisi wote. Sasa nakumbuka ile redio mpya aliyopata baada ya fujo, na…

Jioni alibisha mlango. "Jirani, mzee alisemaje?"

Sikufungua hadi akaenda. Lakini tunachota maji bomba moja, na kesho asubuhi lazima nimjibu.